Akaunti ya kodi imefungwa katikati ya msimu wa kahawa, tuhamie wapi pasipo na mwenye ufunguo mmoja?

Mpima_Mizani (Mafiati, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Kwanza nikisema kodi humu namaanisha kodi za programu sio zile za TRA, mana juzi nimeandika kwenye grupu la ukoo "kodi zetu zimefungiwa" shangazi akanipigia anauliza tunadaiwa shilingi ngapi.

Iko hivi. Tuko watatu, tumetengeneza kasistimu ka kupokea kahawa kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbili huko Mbozi, mkulima analeta mzigo, karani anapima, simu inatoa risiti, jioni jumla inaenda kwa mhasibu. Ni kazi ndogo tu ila msimu ukianza ndo roho ya watu iko pale. Kodi zote tuliweka kwenye jukwaa moja kubwa la nje, silitaji jina sitaki kesi. Sasa mwezi wa sita huu huu mizani zinafanya kazi kutwa nzima, akaunti yangu ikafungwa. Emaili ya mistari mitatu, eti shughuli zisizo za kawaida. Nahisi ni kwa sababu niliingia na VPN nikiwa hapa Mafiati alafu dakika kumi baadae nikaingia na simu bila VPN nikiwa kwenye kosta ya Vwawa, ila nahisi tu, wenyewe hawakusema. Nikaandika, roboti akanijibu. Nikaandika tena, roboti yule yule na majibu yale yale. Siku kumi na moja! Siku ya kumi na mbili akaunti ikafunguka yenyewe kama mlango uliosukumwa na upepo, hakuna pole hakuna maelezo.

Kodi zenyewe hatukupoteza, kila mtu anazo kwenye laptopu yake. Kilichotuumiza ni vingine. Ishu, yaani kumbukumbu za matatizo na kazi, mia mbili na ushee tulizoandika toka tunaanza, yale mabishano yote ya kwanini tuliamua hiki tukaacha kile, na ile mashine yao iliyokuwa inatutengenezea apk, lile faili la kuweka programu kwenye simu, kila tukipushi, yaani tukituma kodi mpya. Na bahati mbaya wakati huo huo tulikuwa na tatizo la desimali, kilo 41.65 kwenye risiti inasomeka 41, marekebisho nimeshayaandika ninayo lakini njia ya kuyafikisha kwenye simu za makarani ilipita kwenye akaunti iliyofungwa. Mkulima akikosa nusu kilo haandiki ishu, anamfata karani pale pale na karani ananipigia mimi.

Kwaiyo nauliza, kuna sehemu ya kuweka kodi ambapo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka akatufungia? Nimesikia Radicle, nimesikia Forgejo, nimesikia na vingine sijui hata vinasomekaje. Hali yetu ni kwamba mmoja yuko kijijini Mbozi mtandao unakuja na kuondoka, mmoja yuko Iringa, mimi Mbeya, wote tunaishi kwa bando za simu. Na tafadhali sana msiniambie ninunue koini za kidijitali.

kijana_wa_Kabwe

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa na chai yangu ya Tukuyu nasubiri.

Mzee_wa_Sae

Marahaba mwanangu Mpima, na pole. Mimi ni wa zamani kidogo kwahiyo mnivumilie nikienda polepole.

Kuna kitu vijana wengi mnakisahau. Git yenyewe, hii programu ya kutunza kodi na historia yake, ilizaliwa haina makao makuu. Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005, baada ya watu wa Linux kunyimwa ruhusa ya bure ya programu waliyokuwa wanatumia, BitKeeper, na alichotaka ni kila mtu awe na historia nzima kwake, sio kipande. Ukikloni, yaani ukinakili, umechukua shamba zima pamoja na hati yake. GitHub imekuja 2008, ikajenga soko zuri pembeni ya shamba, ina taa, ina choo, ina sehemu ya kukaa, sisi tukahamia sokoni jumla tukasahau kwamba shamba tunalo.

Nikupe kisa. Agosti 2011 iligundulika kwamba seva za kernel.org, nyumbani kabisa kwa Linux, zimeingiliwa. Zikazimwa, zikakaa wiki kadhaa hazipatikani. Unadhani kazi ilisimama? Torvalds aliweka kodi zake GitHub kwa muda akaendelea na toleo la 3.1 kama kawaida. Na hao walioingia wasingeweza kuchomeka mstari wa siri kwenye historia watu wasijue, sababu kila komiti, yaani kila badiliko lililohifadhiwa, ina alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo pamoja na alama ya komiti iliyotangulia. Gusa kitu cha mwaka juzi, alama zote za mbele yake zinabadilika, na maelfu ya watu wenye nakala zao wangeona hapo hapo wakipuli, yaani wakivuta mapya. Nyumba iliingiliwa lakini mali ilikuwa kwa watu. Na mpaka leo kodi za kernel, kiini cha Linux, zinajadiliwa kwa emaili, pachi, yaani pendekezo la badiliko, inatumwa kwenye barua, watu wanajibu mstari kwa mstari. Ni utaratibu wa kizee ila hakuna wa kuwafungia.

Kwahiyo wewe hujafungiwa Git. Umefungiwa ishu, umefungiwa jina lako, na umefungiwa hiyo mashine ya kujenga apk. Hivyo havimo ndani ya Git, vimo kwenye databesi ya mwenye jukwaa. Na wenye majukwaa wanakuja na kuondoka. Gitorious ilinunuliwa na GitLab 2015 ikafungwa mwaka huo huo, Google Code walikata kamba Januari 2016. Julai 2019 watu wa Iran, Syria na Crimea walikuta GitHub imewawekea mipaka kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, wa Iran walifunguliwa Januari 2021 baada ya kampuni kupata kibali serikalini. Sisemi ni watu wabaya. Ni kampuni, iko Marekani, inatii sheria ya Marekani, na toka 2018 ni mali ya Microsoft. Wewe na mizani yako ya Mbozi hamumo kwenye hesabu zao, sio kwa ubaya, hawakujui tu.

Ila kuna kitu kimoja sijakielewa kwenye maelezo yako. Kodi unazo, marekebisho unayo. Kwanini hukujenga apk kwenye laptopu yako ukaituma kwa makarani kwa WhatsApp?

Binti_Kihesa (Iringa)

Kamwene wote. Kaka Mpima mimi natumia Radicle, njia ya kuhifadhi na kugawana kodi bila seva kuu, mwaka na nusu sasa, toka walivyotoa 1.0 mwaka 2024 mwezi wa tisa nikaijaribu mwezi uliofata, ngoja niseme nilichokiona sio nilichosoma.

Kwanza haina koini ya kununua, tulia. Kuna watu walioanzisha wana historia ya mambo hayo ila programu yenyewe haikuombi senti wala waleti. Unaweka kwenye Linux au Mac, ukiwa Windows unapitia WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Unaandika `rad auth` inakutengenezea jozi ya funguo, na huo ufunguo ndo wewe, hakuna kujisajili popote hakuna emaili hakuna namba ya simu. Ukiingia kwenye folda ya ripo, yaani mradi wenye kodi na historia yake, unaandika `rad init` na ripo inapata namba yake ndefuuu inaanza na rad:z, hiyo namba ndo anuani yake popote duniani. Sio jina la tovuti. Anaeitaka anaitafuta kwa hiyo namba, na yeyote mwenye nakala anaweza kumpa.

Alafu uzuri wake kwako wewe ndo huu, ishu na pachi nazo zinakaa ndani ya Git. Mzee amesema zinakaa kwenye databesi ya mwenye jukwaa, humu hapana, ni vitu vya Git vilivyosainiwa na mwandishi wake, ukikloni ripo unazibeba na zenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mtandao ulivyozimika nchi nzima zile siku, nilikuwa Kihesa nafungua ishu, najibu ishu, naandika pachi, yote kwenye laptopu. Ulivyorudi nodi yangu, yaani Radicle ya kwenye laptopu yangu, ikaanza kupiga umbea na nodi zingine (ndo walivyouita wenyewe, umbea, habari inapita nodi kwa nodi kama mtaani kwetu) na kila mtu akapata chake. Huyo mwenzenu wa Mbozi mtandao wa kuja na kuondoka hii ni saizi yake kabisa.

Kutuma pachi ni `git push rad HEAD:refs/patches` basi. Mnachagua nani ni wajumbe wa ripo, mnaweza kusema branchi kuu, yaani mstari mkuu wa kodi, haisogei mpaka wawili kati ya watatu wakubaliane. Hapo hakuna mtu mmoja wa kumfungia mwenzie hata nyie wenyewe kwa wenyewe.

Sasa ubaya, mana sitaki uje unitafute. Bando za simu zinakuweka nyuma ya anuani moja ya intaneti mnayogawana watu kibao, kwaiyo nodi yako inaweza kutoka kwenda kwa wengine lakini wengine hawawezi kuja kwako. Wewe na mwenzio wote mkiwa hivyo hamkutani moja kwa moja, lazima kuwe na nodi ya tatu iliyo hewani muda wote yenye anuani ya wazi, wanaita mbegu. Kuna mbegu za umma ila kwa kitu chenu bora muwe nayo yenu. Pili, ripo ya faragha ipo, unataja nani aruhusiwe na inaenda kwa hao tu, ila kwenye diski haijafungwa kwa siri yoyote, laptopu ikiibiwa imeibiwa na kodi zake. Tatu ukiweka kitu wazi kikasambaa basi kimesambaa, hakuna kitufe cha kufuta dunia nzima. Na nne ufunguo ukipotea hakuna "nimesahau paswedi". Hakuna. Umepotea wewe.

FundiSeva_Njombe

Hahaha dada Binti hiyo ya `rad` umenikumbusha, huku kwetu nikisikia rad nawaza radi. Mwaka jana Machi ilipiga ikala rauta, ikala swichi, ikala na friji ya jirani ambayo haihusiani kabisa. Kwaiyo wakuu kabla ya yote, kama mnaweka seva nyanda za juu huku, mvua ikianza kunguruma chomoa waya wa umeme NA waya wa mtandao, watu wanachomoa umeme tu wanaacha waya wa mtandao alafu wanashangaa.

Mimi niko Forgejo, programu ya kujiwekea jukwaa lako mwenyewe la kodi kwenye seva yako. Kihistoria ni tawi la Gitea, na Gitea ilitokana na Gogs 2016. Mwaka 2022 walioshika Gitea wakaunda kampuni, jina na tovuti vikawa chini ya kampuni, baadhi ya wachangiaji hawakupenda wakatoa tawi lao wakaita Forgejo, na liko chini ya Codeberg, chama cha watu kisicho cha faida kule Berlin, chenye jukwaa lake la kodi. Nasema haya mana swali lako ni la nani ana ufunguo, basi ujue hata kwenye programu huria kuna swali hilo hilo.

Kwa matumizi ni faili moja tu, unaiweka kwenye kikompyuta kidogo. Yangu ni Raspberry Pi yenye ramu ya giga 4, databesi ni SQLite, diski ni SSD ya nje, usitumie memori kadi kwa hii kazi itakufia. Inahudumia vijana sita wa ofisini na haitoi hata jasho. Ukiifungua inafanana na ulichozoea kiasi kwamba yule binti wetu wa mapokezi aliandika ishu siku ya kwanza bila kufundishwa. Na ina kitu cha kuhamisha, unaipa linki ya ripo ya zamani na tokeni, inavuta kodi, ishu, lebo, maoni, puli rikwesti, vyote. Mpima fanya hivyo LEO akaunti ikiwa wazi, usisubiri mkae kikao.

Mei 12 mwaka 2024 zile nyaya za baharini EASSy na Seacom zilivyokatika, nchi nzima intaneti inatambaa, sisi tulikuwa tunapushi na kupuli kama hakuna kitu mana ripo iko kwenye kabati nyuma ya mlango. Kutoka nje nimepitishia WireGuard, ni aina ya VPN, kwenye kiseva kidogo cha kukodi, nalipa dola tano kwa mwezi, tatizo la anuani ya bando linaisha.

Umeme ukikata nina betri inabeba Pi na rauta masaa kama saba. Njombe yanatosha siku nyingi. Siku zingine hayatoshi.

Mtu_wa_Tunduma

Mimi nitakuwa mbaya wenu leo. Mnafurahisha sana lakini angalieni mnachomshauri huyu kijana. Alikuwa na tatizo la ufunguo kuwa kwa Mzungu mmoja, sasa mnamwambia auweke kwenye kabati nyuma ya mlango wa fundi mmoja Njombe. Fundi akiugua? Akigombana na mwenye nyumba? Hiyo haijatawanya kitu, imehamisha tu, na imehamia kwenye sehemu yenye radi.

Na kazi tunapatia wapi? Mie nimepata wateja watatu wa nje, wote wamenikuta GitHub, wameona kodi zangu wakaandika. Vijana wa chuo cha MUST hapo Mbeya wakitafuta fildi wanaulizwa akaunti yako iko wapi, hakuna anaeulizwa nodi yako ni ipi. Siku mkiniambia Forgejo ya Njombe inaweza kuongea na Forgejo ya Mbeya, mtu akafungua ishu kwangu akiwa kwake bila kujisajili upya, hapo nitahama.

FundiSeva_Njombe

@Mtu_wa_Tunduma hilo la mwisho uko sahihi na ndo linaloniuma. Wanaita shirikisho, wanajenga juu ya ActivityPub, protokali ile ile inayoendesha mtandao wa kijamii wa Mastodon, na kuna nyongeza yake ya kodi inaitwa ForgeFed. Vipande vinaingia kidogo kidogo, ila kufungua ishu au kutuma pachi kutoka seva moja kwenda nyingine bado sio kitu cha kutegemea kwa kazi ya mizani. Kwa sasa kila seva ni kisiwa chenye bandari ndogo.

La kabati nalo kweli. Ila mimi kila usiku Forgejo inapushi nakala Codeberg yenyewe, kwa vitu vyetu vya wazi, na kwa vya wateja inapushi kwenye diski nyumbani kwa shemeji Makambako. Seva ikifa leo nakunywa chai kwanza. Codeberg wanachukua miradi huria tu kimsingi, usiende kurundika kodi za faragha kule, ila ni sehemu nzuri, hata watu wa lugha ya programu ya Zig walihamia Novemba 2025 wakiacha GitHub.

Kyela_mpunga

mnasahau njia ya maskini. `git bundle create kahawa.bundle --all` unapata faili moja lenye ripo nzima, branchi zote historia yote. weka kwenye flashi, mpe konda wa kosta, jamaa wa Mbozi anaipokea stendi anaandika `git clone kahawa.bundle` amemaliza. akifanya kazi wiki nzima anatengeneza faili lake la komiti mpya tu anarudisha kwa kosta ya jioni. mimi na kaka yangu tulifanya hivi miezi mitatu kipindi mnara wa kijijini umeharibika na hatukupoteza hata komiti moja, flashi moja tu ilipotea ikakutwa kwenye gunia la mchele.

kijana_wa_Kabwe

Git kwa kosta 😂😂 mwaisa umetisha

Mpima_Mizani

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na nimekaa kimya siku mbili kwa sababu ya swali la Mzee wa Sae, la kwanini sikujenga apk kwenye laptopu nikatuma WhatsApp. Nilitaka kujibu kirahisi nikagundua jibu lenyewe ni aibu.

Sikuweza kwa sababu ya kistoo cha kusainia, yaani faili lenye ufunguo wa sahihi ya programu. Android haikubali kusasisha programu kama sahihi ni tofauti na ile ya mwanzo, lazima mtu aondoe programu ya zamani ndo aweke mpya, na karani akiiondoa anapoteza risiti ambazo hazijapanda juu, wengine wana za siku nne mana mtandao wa kule ndo huo. Sasa ufunguo wa kusainia niliuweka kwenye lile eneo la siri la jukwaa, mwaka juzi, ili mashine yao iwe inasaini yenyewe. Na lile eneo unaweza kuweka kitu ila huwezi kukisoma tena, kinaenda upande mmoja. Kwenye laptopu yangu niliufuta kwa makusudi kabisa, nilisoma mahali kwamba usiache siri kwenye laptopu nikajiona mjanja.

Kwaiyo hata ningekuwa na Radicle na mbegu kumi na Forgejo tano, zile siku kumi na moja makarani wangebaki vile vile na kilo 41.

Mzee_wa_Sae

Ndio maana niliuliza mwanangu. Akaunti imeshafunguka, si ndio? Mashine yao bado inaweza kuusoma huo ufunguo inapojenga. Iandikie kazi moja ya kuufunga kwa paswedi ndefu na kuutoa kama faili, uuchukue, alafu ufute hiyo kazi na matokeo yake. Fanya hivyo usiku huu kabla hujalala. Usiuchape wazi kwenye logi tafadhali.

Binti_Kihesa (Iringa)

Afu ni hivyo hivyo na ufunguo wa Radicle kaka, ndo nilichokuwa nasema pale kwenye nne. Wangu niko na nakala mbili, moja kwenye flashi ndani ya kabati la vyombo kwa mama, mama anadhani ni ya nyimbo za kwaya.

Mtu_wa_Tunduma

Hapo sasa ndo mnaongea. Mpima na ile jenga apk yenyewe iandike kama skripti ndani ya ripo, faili moja, mtu yeyote mwenye laptopu aiendeshe itoe apk ile ile. Mashine ya jukwaa iite hiyo hiyo skripti. Mie ndo ninavyofanya na bado niko GitHub na sina presha.

Mpima_Mizani

Mrejesho. Saa saba usiku ufunguo umetoka, umefungwa kwa paswedi, kazi nimeifuta. Kumbe tena mwenzetu wa Iringa alikuwa na nakala kwenye flashi ya picha za harusi yake toka mwaka juzi, nilimtumia mwenyewe nikasahau, na yeye alisahau, ndoa ina mambo mengi. Tumelinganisha alama za faili mbili, ni zile zile.

Skripti ya kujenga ipo ndani ya ripo, jana mwenzetu wa Mbozi kaiendesha akiwa kijijini, apk ikatoka, ikasainiwa, akamwekea karani mbele ya macho yake. 41.65 imesomeka 41.65. Ishu zote nimezivuta kwenye Forgejo ambayo kwa sasa iko kwenye laptopu ya zamani ya kioo kilichopasuka hapa hapa Mafiati, ishu 214, maoni yote yapo hadi yale tuliyotukanana kuhusu jedwali la wakulima. Jukwaa la zamani nimeliacha kama nakala tu, tunapushi huku na huku kwa amri moja, nimeongeza anuani ya pili kwa `git remote set-url --add --push`. Kidogo nikosee hapo, ukiongeza ya pili lazima uiongeze na ya kwanza tena kwa amri hiyo hiyo la sivyo inapushi kwenye mpya tu na ya zamani inabaki imelala, nilikaa nusu saa nashangaa.

Radicle tumeianza kwa ripo moja ndogo ya skripti za mizani tuone huyu wa Mbozi anaionaje. Dada Binti nodi yangu inasema haimuoni mtu yeyote toka asubuhi, bando lipo, hapo naanza kuangalia wapi?

Binti_Kihesa (Iringa)

Angalia kwanza kama nodi imewaka, `rad node status`. Alafu zima hiyo VPN yako kaka 😄